Albamu Isiyolowa

Katika albamu yangu ya kwanza ya Zion, kule Utah, hakuna mtu aliyelowa. Ni picha 36 za mwaka 2003, na karibu zote zinatuonyesha juu ya jabali, juani, tunatafuna karanga na nywele zetu kavu. Kumbe siku ile tulikuwa katika korongo la Left Fork, maarufu kwa jina la Subway kwa jinsi kuta zake zilivyopinda kama handaki la treni. Tulishuka kwa kamba, tukaogelea madimbwi ya baridi hadi meno yakagongana ndani ya suti za mpira.

Kamera yangu ilikuwa ya filamu. Niliifungia katika sanduku gumu, sanduku nikalizika chini ya begi. Kila nikitaka picha, shurti nitafute pakavu, nikaushe mikono, nifungue vifungo. Mwenzangu, kijana wa Likoni, aning'inie kambani akilalamika: "Kaka, piga basi, mikono inachoka!" Nikija kufungua, keshatumbukia.

Mwaka 2006 nikanunua Pentax Optio W10, ndogo kama kipande cha sabuni, inayovumilia maji ya kina cha mita 1.5 kwa nusu saa. Niliivaa shingoni, nikapiga picha maji yakiwa kifuani. Nikarudi na picha zaidi ya 200, nyingi ovyo. Chini ya korongo jua halifiki. Mwanga hugonga ukuta wa juu, ukadunda kwenye mawe mekundu, ukakufikia umekuwa rangi ya chungwa: mzuri kwa macho, ila haba. Kamera inahitaji kutulia, nawe unatetemeka. Flashi ndiyo balaa zaidi, inaua ile rangi yote. Nikajifunza kuiegemeza kamera ukutani na kubana pumzi.

Halafu matone. Kila uso pichani ulikuwa na doa. Mzee mmoja tuliyekutana naye kwenye foleni ya kamba (hifadhi huruhusu watu 80 kwa siku, lakini wote hukwama hapohapo) akanipa dawa: lamba kioo cha lenzi. Mate hutandaza maji yakawa utando mmoja. Mama aliponiona kwenye video nikilamba kamera, aliuliza kama chakula huko ni ghali kiasi hicho.

Kamera iliyofuata niliiua mwenyewe. Nilifunga mlango wa betri bila kufuta mpira, na punje ya mchanga ikabaki. Asubuhi maji yalicheza ndani ya skrini kama pimamaji ya fundi mwashi.

Picha moja ya mwaka ule wa 2006 ilipona. Kijana wa Likoni yuko hewani, mdomo wazi, miguu kama ya chura, na nusu ya uso wake imemezwa na tone. Ndiyo aliyoitundika sebuleni kwao. Wageni huuliza huyo ni nani.