Ashuke Kangemi

Kwa miezi mingi nilitoka darasa la Kihispania pale katikati ya jiji nikiwa nimenyong'onyea. Tulikuwa tumefika kwenye hali tegemezi, ile ya kutaka, kuomba na kutumaini, na kila nikifungua mdomo nilikosea. Nikaanza kuamini kwamba lugha hii sikuandikiwa mimi.

Jioni moja, matatu ikingoja kujaa, mama mmoja alimpandisha mwanawe aliyevaa sare, akamwambia makanga: "Huyu ashuke Kangemi. Asilale. Avuke barabara na mtu mzima." Tukakwama kwenye jam Westlands, na maneno yale yakawa yananirudia. Ashuke. Asilale. Avuke. Hakuna lililokuwa limetendeka bado. Yalikuwa matakwa ya mzazi tu, na yote aliyabeba kwa irabu moja, e ya mwisho.

Nikatoa daftari. Bajar, kushuka: baja, anashuka, que baje, ashuke. Esperar, kungoja: espera, anangoja, que espere, angoje. Ile e niliyoiogopa nilikuwa nayo tangu nikibebwa mgongoni!

Hapo nikaona pia kosa langu lilikojificha. Vitenzi vya -ar havikunisumbua sana. Vilivyonishinda ni comer, kula, na vivir, kuishi. Come ni "anakula", lakini sikio langu la Kiswahili likisikia e mwishoni linasikia ombi: "ale". Basi nilikuwa nikisema quiero (nataka) que come nikidhani naomba, kumbe natoa habari. Katika Kihispania irabu hubadilishana viti: vitenzi vya -ar huenda kwenye e, vya -er na -ir huenda kwenye a. Que coma, ale. Que viva, aishi. (Kuishi tulikipata kwa Waarabu, ndiyo maana hakibadiliki mwisho. Na Wahispania nao walipata kwa Waarabu hao hao ojalá yao, neno la kutumaini, jamaa ya inshallah yetu.)

Kufika Kangemi, makanga alimwamsha mtoto, akamshika mkono hadi ng'ambo.

Siku hizi najiuliza kwanza: jambo hili lipo, au nalitaka tu? Juzi mwalimu aliniuliza namtakia nini mama yangu aliye kijijini. Sikusita. Que descanse, que coma bien, que viva muchos años. Apumzike, ale vizuri, aishi miaka mingi. Wenzangu wakaendelea na zoezi, mimi nikaomba ruhusa nitoke nimpigie simu.