Maganda ya Mathe

Mathe huuza mihogo ya kukaanga hapa Kayole, karibu na steji. Jioni watu wakishuka matatu wananunua ya mbao, anawawekea pilipili na ndimu. Asubuhi kazi yetu ni kumenya.

Maganda hayakuwa yanatupwa. Mzee wa ploti ya nyuma alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa kwenye banda la mabati. Kila asubuhi alikuja na ndoo, akapewa maganda bure. Jioni alituletea nusu lita ya maziwa. Hakuna aliyeandika hiyo dili mahali.

Halafu kukawa na ile wiki mbaya. Nyasi zilikuwa zimepanda bei, kwa hivyo ndoo moja ikawa mbili. Mathe naye alikuwa amenunua mihogo kwa mtu mgeni, na wateja wakalalamika kwamba ni michungu. Asubuhi moja ng'ombe alikula, akaanza kuhema, akayumba, akaanguka. Kabla ya saa sita alikuwa amekufa.

Mtaa ulisema amekula plastiki. Mzee alisema amewekewa sumu, na akaacha kumsalimia jirani waliyekuwa wamegombana naye juu ya harufu ya banda.

Wiki tatu baadaye nikapata oda. Niliacha chuo mwaka wa pili, na tangu hapo nakula kwa kuandika. Mara nyingine nawaandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao za darasa. Safari hii: kurasa nne, ni sehemu gani ya mmea wa mhogo inameng'enywa vizuri na ng'ombe?

Nikasoma usiku kucha. Kiazi chenyewe ni wanga, kinameng'enywa karibu chote, lakini protini yake ni kidogo sana. Protini iko kwa majani, ingawa tanini hushika sehemu yake. Shina likikomaa ni kuni tu. Maganda yana nyuzinyuzi kuliko kiazi, lakini ng'ombe anazimudu. Hadi hapo nilikuwa naandika bila wasiwasi.

Halafu nikafika kwa linamarini. Mmea ukikatwa au kutafunwa, kitu hicho hukutana na kimeng'enya chake na kutoa sianidi. Maganda huwa nayo zaidi kuliko kiazi, na mhogo mchungu huwa nayo zaidi kuliko mtamu. Vijidudu vya tumbo la kwanza la ng'ombe huharakisha kazi hiyo. Sianidi inazuia seli kutumia oksijeni, ndiyo maana mnyama anahema huku hewa iko.

Dawa ni kukatakata na kuanika, au kuvundika bila hewa kwa wiki kadhaa. Huko Ibadan, Nigeria, watafiti wa ILRI wanayakwaruza maganda, wanayakamua maji, ndipo wanayaanika juani. Makao makuu ya ILRI yako hapa hapa Nairobi, Uthiru. Kutoka kwetu ni matatu mbili.

Nikatuma kurasa, nikalipwa. Siku mbili sikusema kitu. Ya tatu, tukimenya, nikamweleza mathe.

Kisu kikasimama. "Kwa hivyo ni mimi?"

"Si wewe, Mum. Ni maganda mabichi, mengi, ya mhogo mchungu."

"Na nani alimpea?"

Sikuwa na jibu. Nilidhani ataniambia ninyamaze, maana ng'ombe wa mtu si kitu kidogo. Akanawa mikono, akavaa leso, akaenda ploti ya nyuma mwenyewe. Nikamfuata.

Mzee alisikiliza hadi mwisho. Akaniuliza swali moja tu: "Una uhakika, kijana wangu?"

Nikamwambia siwezi kuapa, hakuna aliyempima. Lakini dalili zote ni zile.

Akakaa kimya. Kisha akasema, "Basi nimemkosea mtu."

Jioni hiyo nilimwona amesimama mlangoni kwa yule jirani, kofia mkononi.

Siku hizi ana mbuzi wawili. Maganda tunayakatakata, tunayaanika juu ya paa hadi yakauke kabisa. Mvua ikianza, mimi ndiye hupanda kuyaanua.