Nyumba moja, shemeji wawili, mimba mbili!

Wewe uliyewahi kupanga chumba uswahilini utanielewa. Nyumba ya kupanga ina sheria zake ambazo hazijaandikwa popote. Zamu ya kufagia ua unaijua, umeme mnachangishana, na mgeni wako akizidisha siku tatu watu wanaanza kukohoa ukipita koridoni. Sasa mgeni mwenyewe awe na miguu minne, awe mweusi tii, halafu awe na mimba. Jamani, kasheshe lake acha tu!

Mwenzenu yalinikuta Machi 2024, katikati ya mwezi wa Ramadhani, kwenye nyumba ya vyumba sita ninayoishi Mwananyamala, Dar es Salaam. Mvua ilikuwa inapiga kama imetumwa. Nimemaliza kufuturu, natoka kwenda kumwaga miiba ya samaki, namkuta kajibanza nyuma ya pipa la maji, kalowa chapachapa. Mbavu unazihesabu, lakini tumbo limetuna kama kameza embe dodo. Nikamrushia kichwa cha kibua. Alikula huku ananguruma, jicho moja kwenye kichwa cha samaki, jicho moja kwangu. Kesho yake alikuwa keshafika pale pale kabla ya adhana ya magharibi.

Mimi ni bachela. Habari ya bachela kulisha paka jike iliizunguka nyumba nzima kabla ya daku. Vijana wa kijiweni wakaanza: "Vipi kaka, shemeji hajambo? Mbona unamlisha nje?" Basi jina likakaa hapo hapo, Shemeji. Tatizo ni kwamba shemeji mwingine nilikuwa naye tayari, mke wa jirani yangu wa chumba cha pili, na yeye alikuwa na mimba yake ya kwanza, ya miezi mitano. Ikawa nyumba moja ina shemeji wawili, wote wajawazito. Ukisema "shemeji leo hajala", lazima uulizwe ni yupi.

Utani uliisha siku ya nne. Jirani alinivuta pembeni, sauti ya chini.

"Kaka, mimi na wewe hatujawahi kukoseana. Lakini huyo paka simtaki. Mke wangu ana hali yake, na paka wanaharibu mimba. Usipomtoa wewe nitamtoa mimi. Sumu ya panya ninayo ndani."

Mama wa chumba cha uani yeye alikuwa na lake. Paka mweusi mwenye mimba haji kwenye nyumba ya watu bure, lazima yuko aliyemtuma. Mwingine akashauri atiwe kwenye kiroba, akatupwe sokoni usiku. Kila mtu alikuja na ushauri. Aliyekuja na bakuli la maji sikumwona.

Msinifikirie kwamba mimi ni mpenzi wa paka. Nyumbani tulikokulia paka alikuwa mfanyakazi tu, kazi yake panya, mshahara wake makombo. Lakini mama yangu alipokuwa na mimba yangu alikuwa mpangaji, na mwenye nyumba alimtolea vyombo nje kwa sababu hakutaka kilio cha mtoto usiku. Akalala barazani kwa jirani siku mbili. Kisa hicho amenisimulia mara nyingi hadi naona kama nilikuwepo. Na kusema kweli, nilikuwepo. Kwa hiyo suala la kumfukuza mwenye mimba wakati wa masika lilinishinda.

Nikamtia Shemeji kwenye tenga, nikafunika na kanga, nikapanda naye daladala kwenda kwa daktari wa mifugo. Kondakta akataka nimlipie nauli! Daktari hakucheka. Kitu cha kwanza aliuliza kama ameniuma au kunikwaruza, maana ugonjwa wa kichaa cha mbwa hata paka anauambukiza. Ukiumwa na paka usiyemjua, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo ukachomwe sindano. Usisubiri uone paka atakuwaje.

Mimi sikuwa nimeumwa. Akampapasa tumbo taratibu, akaangalia chuchu zilivyovimba na kugeuka rangi ya waridi, akasema bado wiki tatu na ushee. Mimba ya paka huchukua kama siku 63 hadi 67, yaani miezi miwili na siku chache. Kisha akanipa somo ambalo wengi hatulijui. Maziwa ya ng'ombe usimpe, paka wengi wakubwa yanawaharisha, mpe maji safi. Ale kidogo kidogo mara nyingi, maana tumbo limebanwa na watoto. Dagaa na samaki waliochemshwa ni sawa, ila bila chumvi na bila kitunguu, kwani kitunguu ni sumu kwake. Na Panadol usithubutu. Kidonge unachomeza wewe kichwa kikiuma kinaweza kumuua paka. Chanjo na dawa nyingine yeye aliamua zisubiri hadi mama amalize kunyonyesha.

Likabaki suala la yule jirani na mkewe, na hapo sikutaka ubishi wa barazani. Nilimwomba shemeji, siku yake ya kliniki ikifika, amuulize nesi mwenyewe. Akaenda, akarudi na majibu. Ugonjwa wenyewe upo, unaitwa toksoplasmosisi, na kweli unaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Lakini hautoki kwenye manyoya wala kwenye macho ya paka. Vimelea vyake hupita kwenye kinyesi, na vikishatoka huchukua siku moja hadi tano kabla ya kuweza kumwambukiza mtu. Kwa hiyo uchafu ukiondolewa kila siku, na mtu mwingine si mjamzito, hatari inapungua sana. Tena nesi akamwambia ajihadhari na mishikaki isiyoiva vizuri na kachumbari isiyooshwa, maana ugonjwa huo huo unapita huko pia. Jirani aliyekuwa anamletea mkewe mishikaki kila Jumamosi akatazama chini.

Kesi ilisikilizwa uani, baada ya tarawehe. Hakimu alikuwa Bi Mkubwa, mwenye nyumba wetu, mtu wa dini hasa. Akasikiliza pande zote huku anachambua mchele wa daku. Kisha akawakumbusha watu habari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu alimfungia paka, hakumlisha wala hakumwacha akajitafutie. Mwenye sumu akarudisha sumu yake dukani. Halafu akanigeukia mimi.

"Na wewe mwanangu usichekelee. Kinyesi utazoa wewe, kila asubuhi. Watoto wakizaliwa, ikifika Idd ya kuchinja kila mmoja awe na kwake. Kinyume cha hapo, utahama pamoja na Shemeji wako."

Nilikuwa nimetoka kulipa kodi ya miezi sita. Nikaitikia haraka.

Basi nikawa mtumishi. Nikatafuta boksi la mafuta ya kula, nikalikata mlango upande mmoja, nikatandika vitenge vikuukuu, nikalisukuma uvunguni mahali penye giza, maana paka anayetaka kujifungua hutafuta kificho. Shemeji akalinusa, akaliona si hadhi yake. Wiki moja baada ya Idd el-Fitr, usiku, umeme umekatika, nasikia anazunguka chumbani na kukwaruza kitu. Nawasha tochi ya simu. Yumo ndani ya begi langu la nguo, juu ya shati la mtoko, anahema.

Saa nane hodi ikagongwa. Ni shemeji yule mwingine, usingizi umemkataa, kasikia vurugu. Nyuma yake mumewe, kanga kiunoni. Bi Mkubwa akapaza sauti kutoka chumbani kwake, "Msimzonge! Mpeni nafasi apumue!" Shemeji akaletewa kigoda, akakaa mlangoni kwa mbali. Mumewe akashika tochi.

Daktari alinionya nisimguse wala nisimvute mtoto. Kama angesukuma kwa nguvu nusu saa nzima bila kitu kutoka, basi nimpigie simu. Haikufika huko. Wa kwanza akatoka kwenye kifuko chake, mama akakipasua kwa meno, akamlamba mpaka akalia, akakata kitovu mwenyewe, akala na kondo la nyuma. Wote watatu tuliduwaa. Wa pili akafuata, kisha wa tatu. Wa nne alitoka kimya. Mama akamlamba, kimya. Nikamfuta pua na kumsugua kwa kitambaa kama nilivyoelekezwa, dakika nyingi tu, lakini hakuamka.

Shemeji akauliza kwa sauti ndogo, "Huyo ndiyo basi?"

Nikamwambia ndiyo basi. Akaanza kulia, na katika kulia ndipo akasema lililokuwa moyoni. Kwamba kila usiku anaiogopa siku yake. Kwamba anaamka kuangalia kama mtoto bado anacheza. Mumewe alikuwa hajawahi kusikia hata neno moja la hayo. Na mimi nikaelewa kitu. Zile hasira zote za sumu ya panya zilikuwa woga wa mwanamume asiyejua afanye nini na mimba ya mkewe, basi akampata paka wa kumbebesha. Hakusema kitu. Aliizima tochi kwanza, pengine ili tusimwone uso. Kliniki iliyofuata, alimsindikiza mkewe.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa ratiba ya watoto. Siku kama kumi macho yakafunguka. Wiki ya nne wakaanza kuonja dagaa waliopondwa. Mimi nikawa dalali. Mwenye duka la nafaka mtaani, aliyekuwa akilia na panya, akachukua mmoja. Fundi cherehani akachukua wa pili. Wa tatu nilipomtafutia mteja, Bi Mkubwa akasema huyo aachwe, keshazoea kulala kwenye mswala wake. Sikuwaruhusu waondoke kabla ya wiki nane, maana mtoto wa paka anahitaji muda na mama yake kujifunza ustaarabu. Idd ya kuchinja ilipofika tarehe 17 Juni, deni langu kwa Bi Mkubwa lilikuwa limekwisha.

Lakini nasaha yangu kubwa, msomaji, iko hapa. Kumlisha paka mwenye mimba ni nusu ya kazi. Paka anaweza kushika mimba nyingine wiki chache tu baada ya kuzaa, hata kabla hajaachisha, na binti yake akifika miezi minne au mitano naye anaweza kuanza. Hesabu mwenyewe, mwaka mmoja utakuwa na ukoo mzima, na hapo ndipo viroba na sumu vinapotafutwa. Nilikuwa nimejiwekea pesa ya viatu. Maziwa yalipokauka nikampeleka Shemeji kwa daktari yule yule, akafungwa uzazi na kuchomwa chanjo ya kichaa cha mbwa siku moja. Viatu vya zamani nikavipeleka kwa fundi.

Na shemeji wangu mwenye miguu miwili je? Alijifungua salama mwezi Julai, mtoto wa kike, kilo tatu. Ninaandika haya huku binti huyo akimvuta mkia Shemeji koridoni, na Shemeji kavumilia tu, kama mtu anayelipa kodi.

Haya, wanaume wenzangu mlio karibu kuwa baba, msingoje paka ndipo mwulize wake zenu wanaogopa nini. Kwa leo niishie hapo. Shemeji anawasalimu, wote wawili.