Vitambaa Vyetu na Deni la Uzi

Mwezi huu tunapenda kuwashirikisha jambo lililotupata katika kikundi chetu cha kazi za mikono hapa Morogoro. Tunaliandika kwa sababu mbili: kwanza, mpate kazi mbili nyepesi za kupamba nyumba bila gharama, pili, msije mkajikwaa pale tulipojikwaa sisi.

Kikundi tulikianza mwaka 2018. Tulikuwa wanawake kumi na wanne, tukikutana kila Alhamisi saa kumi jioni katika chumba cha shule ya Jumapili. Wawili kati yetu ni wauguzi, wengine ni walimu, wauzaji wa sokoni na mama wa nyumbani. Nia yetu ilikuwa njema. Mama akirudi amechoka, akakuta sebuleni kitambaa safi alichokifuma kwa mikono yake, moyo wake hutulia. Na watoto wanaokulia katika nyumba iliyotunzwa hujifunza kutunza.

Tulianza na vitambaa vya makochi: kirefu cha kochi la watu watatu, vya makochi madogo, na kimoja cha meza. Mwanzoni tulifuma kwa uzi mweupe wa kawaida. Baada ya wiki chache mmoja akaja na uzi unaong'aa, mwenzake akaleta wa rangi mbili, na sote tukatamani kama wao. Kisha tukapanga kwamba wiki ya mwisho kabla ya Krismasi tutapita nyumba kwa nyumba kuona kila mmoja alivyopamba. Tulisema ni kutiana moyo. Kwa kweli yalikuwa mashindano, ila hakuna aliyethubutu kuyaita hivyo.

Kulikuwa na mwenzetu mmoja, mama wa watoto watatu, aliyefuma upesi kuliko sisi sote. Ukimwonyesha ua mara moja, wiki inayofuata anakuja nalo limekamilika. Mwezi wa Oktoba akaacha kuja. Tulisema amepoa. Mmoja wetu akasema labda anajiona ameshajua. Nasi tuliosikia tulinyamaza, na hakuna aliyekwenda kumjulia hali.

Mwezi wa Novemba alikuja kliniki na mwanawe wa miezi kumi. (Yeye mwenyewe ameturuhusu kuyasimulia haya, ili mradi tusimtaje jina.) Tulipompima mtoto, uzito wake ulikuwa ule ule wa miezi miwili iliyopita. Kwenye kadi, mstari uliokuwa ukipanda vizuri sasa ulikuwa umelala. Tukamwuliza maswali tunayomwuliza kila mama: Mtoto anaharisha? Ana homa? Ananyonya? Anakula nini, na mara ngapi kwa siku? Akajibu kwamba ananyonya, haumwi, na anakula uji mtupu asubuhi na jioni. Tulipouliza kwa nini uji mtupu, akainama akaanza kulia.

Mumewe alikuwa kibarua wa ujenzi, na kazi ilikuwa imeisha tangu Agosti. Naye, kwa kuogopa kuonekana hana, alikuwa amechukua uzi dukani kwa mkopo, boksi baada ya boksi. Kila alipopata fedha ya kufulia watu nguo, nusu ilikwenda kwenye deni la uzi. Karanga na dagaa za mtoto zikakatwa kwanza. "Nesi," alituambia, "nilifuma vitambaa vya makochi, na makochi yenyewe sina. Mkija Krismasi mtaviona wapi?"

Wapendwa, sisi tunaofanya kazi ya uuguzi tumezoea kumwuliza mama amekosea wapi. Siku ile tulijua kosa ni letu. Sisi ndio tuliokaa kwenye viti vya shule ya Jumapili tukasifu uzi unaong'aa.

Jioni ile ile tulikwenda kwake, watano. Tulikwenda kuomba radhi kabla ya kutoa ushauri wowote. Alitukaribisha kwenye mkeka. Chumba kilikuwa kimefagiwa vizuri, na pembeni, juu ya ndoo ya maji ya kunywa, tulikuta kitambaa kizuri kuliko vyote tulivyowahi kuvifuma, kina shanga pembezoni ili kisipeperuke. Akacheka kidogo, akasema, "Kochi sina, dada zangu, lakini maji ninayo." (Tuongeze hapa neno la kinesi: kitambaa chenye matundu ni pambo tu, chini yake pawe na kifuniko kinachofunga ndoo sawasawa.)

Tulizungumza naye juu ya chakula cha mtoto. Mtoto wa umri ule, pamoja na kunyonya, ale mara tatu au nne kwa siku: uji mzito wenye unga wa karanga, maharage yaliyopondwa, dagaa waliosagwa, mboga za majani, na papai au embe. Deni la dukani tulilimaliza kwa fedha za kikundi. Hakutaka iwe sadaka. Akasema atalipa kwa kazi, na akatuuliza kama tunajua kutengeneza zulia la matambara. Hatukujua. Hivyo mwalimu wetu akawa yule tuliyesema amepoa. Hizi ndizo kazi mbili tulizozifanya tangu hapo.

Zulia la matambara. Tafuta gunia la juti, la aina inayofungiwa kahawa. Likate urefu wa sentimita 90 na upana wa 60, kunja pindo la sentimita 3 pande zote na kulishona. Fulana zilizochakaa hufaa sana kwa sababu hazichanuki nyuzi, na fundi cherehani hutupa vipande vingi ambavyo ukimwomba atakupa. Kata vipande vya upana wa sentimita 2 na urefu wa 8. Kwa msumari mnene toboa matundu mawili yaliyo karibu, pitisha kipande kitokeze ncha zote mbili upande wa juu, kisha funga fundo moja. Acha nafasi ya sentimita 1 au 2, funga kingine, mpaka ujaze gunia. Anza pembeni kwa rangi nyeusi au ya bluu, na rangi za kung'aa uziweke katikati. Watoto wa miaka saba na kuendelea wanaweza kusaidia kufunga mafundo. Upande wa chini shona vipande vya tyubu kuukuu ya baiskeli ili zulia lisiteleze. Tumewahudumia wazee wengi waliovunjika nyonga kwa kuteleza nyumbani. Kila wiki likung'ute na kulianika juani, hasa kama nyumbani kuna mwenye pumu.

Mto wa kanga. Kanga ikichakaa huchakaa katikati, lakini pindo zake mara nyingi bado ni nzima. Ifue peke yake mpaka maji yatoke meupe. Kwa mto wa sentimita 40, kata kipande cha mbele cha sentimita 43 kila upande, na vipande viwili vya nyuma vya 43 kwa 30. Kunja na kushona upande mmoja mrefu wa kila kipande cha nyuma, kisha vilaze juu ya kile cha mbele vipandane katikati, shona pande zote nne na ugeuze. Huhitaji zipu wala vifungo, na foronya hutoka kwa urahisi siku ya kufua. Ukiweza, kata ili jina la kanga likae katikati ya mto. Mtoto anayejifunza kusoma atalisoma kila siku. Ndani jaza usufi, au matambara laini yaliyokatwa vipande vidogo. Mto huu ni wa kukalia na kuegemea. Usimlaze nao mtoto wa chini ya mwaka mmoja, maana unaweza kumziba pumzi.

Zulia la kwanza alilolimaliza mwenzetu liko mpaka leo katika chumba cha shule ya Jumapili, na wadogo hukaa juu yake wakati wa hadithi. Hapo akatuambia, "Sasa sidaiwi." Mtoto wake naye aliongezeka uzito mwezi wa Desemba, na Januari 2019 mstari ukaanza kupanda tena. Haukupandishwa na zulia wala maneno yetu, ila karanga, dagaa na fedha iliyorudi jikoni.

Ziara ya Krismasi hatukuifuta. Tuliibadilisha. Siku hizi tukienda kwa mwenzetu tunakwenda na sindano zetu, tunakaa tunamsaidia kazi aliyonayo mkononi, hata kama ni kuchambua mchele. Tumeweka pia masharti mawili: hakuna kununua uzi kwa mkopo, na kila kazi mpya ianze na kilichomo ndani ya nyumba. Atakayekosa Alhamisi mbili, atembelewe kabla hajasemwa.

Katika kitabu cha Matendo ya Mitume tunasoma habari za Dorkasi wa Yafa. Alipofariki, wajane walimwonyesha Petro nguo alizowashonea alipokuwa hai. Hakuna aliyeeleza jinsi sebule yake ilivyopambwa. Tunapolikumbuka hilo hatuachi kupamba, maana uzuri nao ni zawadi ya Mungu, na vitambaa vyetu vyeupe bado tunavipenda. Ila kabla ya kununua uzi, tunaangalia kwanza sufuria, kisha kadi ya mtoto, kisha kiti cha mwenzetu kilicho wazi siku ya Alhamisi.

Nawe mama unayesoma, kama katika kikundi chenu kuna kiti kilicho wazi, usingoje mkutano ujao. Nenda leo, na mkaribishane hata kama ni kwenye mkeka.