Bustani za Birmingham Zinapongoja Joto

Mkulima wa kwetu hutazama mawingu akijiuliza mvua itanyesha lini. Mkulima wa Birmingham, mji mkubwa ulio katikati ya Uingereza, hana shaka hiyo, maana kwake mvua hunyesha mwaka mzima. Yeye hungoja joto.

Mji huo ulijulikana kwa viwanda vyake, lakini kati ya nyumba zake pana mahali zaidi ya 100 ambapo wenyeji hukodi vishamba vya kulima mboga. Sheria ya mwaka 1908 iliziamuru halmashauri za nchi hiyo kutoa vishamba vya namna hii pale watu wanapovihitaji. Kwa kipimo cha desturi, eka moja hugawanywa katika vishamba 16.

Sehemu nyingi za Birmingham zina udongo mwekundu wa mfinyanzi. Ukilowa hunata viatuni, ukikauka huwa mgumu kama tofali. Kwa sababu hiyo, kazi ya kupanda mwezi wa Machi huanza mwezi wa Novemba. Mkulima hung'oa magugu pamoja na mizizi yake, hutia samadi iliyooza, kisha huupindua udongo kwa sepetu na kuyaacha mabonge makubwa yalivyo. Mgeni angedhani ni uvivu. Sivyo, kazi iliyobaki ameiachia baridi. Maji yaliyomo ndani ya bonge yakiganda huongezeka ukubwa kwa kadiri ya sehemu 9 katika 100, nayo hulipasua. Usiku huganda, mchana huyeyuka, na baridi ikiisha bonge lililoshinda sepetu huvunjika kwa kuguswa na reki.

Udongo wa kichanga haufanyiwi hivyo, kwa kuwa mvua za majira ya baridi huchukua chakula cha mimea na kukishusha chini sana. Huo hulimwa karibu na wakati wa kupanda. Chokaa nayo haitiwi pamoja na samadi, kwani huifanya naitrojeni ipotee hewani.

Hatari kubwa huja mwezi wa Machi. Jua huwaka siku mbili tatu, na mwenye haraka huingia shambani na mbegu zake. Lakini udongo wa mfinyanzi uliolowa, ukikanyagwa, hushikamana; hewa hutoka, maji hutuama, na mizizi haipati njia. Baridi ya kuuvunja tena hairudi mpaka mwisho wa mwaka. Basi saa moja ya pupa yaweza kuharibu mavuno ya msimu mzima.

Kwa hiyo wenye busara huupima udongo kwanza. Hutwaa konzi moja, huifinya, kisha huidondosha. Ikivunjika, kazi na ianze. Ikibaki donge, hurudi nyumbani. Wengine huchomeka kipimajoto ardhini asubuhi: njegere hupandwa joto likifika digrii 7 hivi za sentigredi, bali maharagwe hungoja digrii 12. Tena maharagwe na maboga huogopa sakitu, yaani umande ulioganda, ambayo huweza kuonekana hata mwezi wa Mei.

Siku hizi wako wasiolima kabisa. Charles Dowding, mtunza bustani wa Somerset, amewafundisha wengi kutandaza mboji juu ya ardhi na kuwaachia nyungunyungu kazi ya kuichanganya. Hata hivyo, nao pia hungoja joto.

Sisi hatuna majira ya theluji ya kutuvunjia mabonge. Lakini mwenye shamba katika udongo mweusi wa nyanda za Athi anajua vema jinsi unavyonata wakati wa masika. Yeye naye, kabla ya kuingiza jembe, ng'ombe au trekta, na afinye konzi moja ya udongo. Kipimo hicho hakina gharama, na mvumilivu hula mbivu.