Mbawakawa wa Shilingi Mbili

Waliokuwa wanafunzi wangu Nyegina sasa ni watu wazima wenye maghala yao. Nawaomba msamaha, kwa sababu niliwafundisha jambo la uongo, nikaja kulijua, kisha nikanyamaza.

Mwaka 1993 Ujerumani ilitoa stempu tano za mbawakawa walio hatarini kutoweka. Moja ilinifikia juu ya barua ya rafiki: mdudu wa buluu ya kijivu mwenye madoa meusi na vipapasio virefu kuliko mwili. Ni Rosalia alpina. Hutaga mayai kwenye miti iliyokufa, na sheria ya nchi za Ulaya ya mwaka 1992 inamlinda. Nilimpenda mno. Nikakumbuka stempu zetu za Tanzania za wadudu za mwaka 1987. Ile ya shilingi mbili nayo ilikuwa na mbawakawa. Nikazipeleka zote mbili darasani nikasema huyu wa kwetu pia analindwa, ndiyo maana amewekwa kwenye stempu.

Sikumuuliza mtu. Na seti ileile ilikuwa na mbung'o! Hilo peke yake lilitosha kunizindua. Ila picha ya stempu haisemi ukubwa wa mdudu. Yule alijaza karatasi nzima, nikamdhania mkubwa.

Baadaye mzazi mmoja akanijia na mahindi kiganjani. Punje zilikuwa zimetobolewa, unga ukimdondoka katikati ya vidole. Ndani mlikuwa na kidudu cha kahawia, milimita tatu au nne, kichwa kimefichwa chini ya kifua, nyuma kama kimekatwa kwa wembe.

“Mwalimu, ndiye huyu ambaye mtoto anasema tusimuue?”

Alikuwa yuleyule wa stempu ya shilingi mbili: dumuzi, skania kwa wengine, mgeni kutoka Amerika ya Kati aliyegunduliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hula mahindi, hula na makopa.

Mzazi nilimwomba radhi palepale. Darasani sikusahihisha. Niliogopa kushuka machoni pa watoto, na woga huo ndio unaoniuma kuliko kosa lenyewe, maana chakula cha kwao ndicho kilichokuwa kikiliwa.

Basi nasema leo, hata kama mlishajua: dumuzi halindwi. Safisheni ghala kabla ya mavuno mapya, chomeni masalia yaliyobunguliwa, pukuchueni mahindi yaliyokauka vizuri, yachanganyeni na dawa ya unga kwa kipimo cha bwana shamba. Msiyaache kwenye magunzi. Humo ndimo anamostawi.