Harufu ya Majani Mabichi

Kuna desturi ambazo hakuna mtu anayefikiri kuziandika. Kukata majani ni mojawapo. Kwetu Mubambiro, kwenye barabara ya Goma kwenda Sake, majani si urembo wa uwanja wa hoteli. Tunayakata kwa ajili ya mbuzi na ng'ombe, tunayatandika chini ya mkeka, na tunayafyeka kando ya njia juu ya nyoka. Malisho makubwa ya Masisi yana wenyewe. Maskini anakata pembeni ya barabara.

Nchi yetu ni ya mawe. Kati ya 1938 na 1940 volkano ya Nyamulagira ilimwaga moto mpaka ndani ya ziwa Kivu, karibu na Sake. Juu ya mawe yale meusi kulianza kuota ukoga wa kijivu, halafu kangaga, na majani yakafuata polepole. Ndiyo sababu mupanga wetu hauishi makali: unagonga jiwe kila mara. Mkono wa kushoto unashika fungu, wa kulia unakata. Matete yanakata vidole na manyoya yake yanawasha shingo, ndiyo maana mama zetu wanajifunga kikwembe kabla ya kujitwika mzigo. Ukiwa mbichi una baridi kichwani, na maji yake yanashuka mpaka mgongoni.

Na ile harufu! Wenye sayansi wanasema ni harufu ya kidonda: jani likikatwa, mafuta ya ndani yake yanavunjika na kugeuka hewa kwa sekunde chache tu. Sisi tunaisomaka kwa namna nyingine. Ikisikika asubuhi, basi jirani yupo. Njia ikiota majani, nyumba haina watu.

Njia nyingi ziliota. Februari 2024 vita vilifika Sake, na watu wakakimbia kuelekea Goma. Januari 2025 M23 ikateka Sake, na siku chache baadaye Goma yenyewe. Anayerudi kwake baada ya hapo hawezi kuanza na jembe, anaanza na mupanga. Lakini ndani ya majani marefu bomu ambalo halikulipuka linaweza kuwa limelala. Watoto wanaambiwa wasimame mbali, barabarani. Mkubwa anainama, anatenganisha majani kwa fimbo, anatazama chini, kisha ndipo mkono wa kushoto unashika fungu.